Kilwa Masoko: Mlango Usigeuke Kizingiti

Msafiri yeyote atokaye Nachingwea au Ruangwa kwenda Lindi anaifahamu Nanganga. Ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya kutoka bara ya wilaya hizo mbili inapokutana na ile kubwa itokayo Masasi kwenda pwani. Basi likisimama, akina mama na vijana huinuka vivulini na kukimbilia madirishani, mabeseni vichwani. Korosho, karanga, ndizi, maji ya kunywa. Sauti zinapandana, noti zinabadilishwa haraka haraka, chenji nyingine hurushwa basi likiwa limekwisha kuanza kutembea. Kisha vumbi linatua, na wauzaji wanarudi vivulini kungoja basi jingine.

Siku chache zilizopita nilikaa hapo Nanganga kwa zaidi ya saa mbili nikingoja usafiri. Mama mmoja muuza korosho aliniuzia kikombe kimoja, akaniongeza konzi ya pili bure, kisha akaniambia neno ambalo nimesafiri nalo hadi leo. "Mwanangu," alisema, "hapa dunia nzima inapita. Sisi tunakula dirishani."

Nilikuwa nakwenda Kilwa Masoko. Kwa hiyo nilipita Mtama, nikapita Mnazi Mmoja, nikaingia Lindi mjini, kisha nikashika njia ya kaskazini hadi Nangurukuru. Nangurukuru nayo ni njia panda, na wauzaji wake nao hukimbilia madirishani. Hapo gari la Dar es Salaam linakwenda zake, na mwenye safari ya Kilwa anakata kulia kuifuata bahari. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza: hivi mji ulio mlango wa kupitia, kazi yake ni nini? Ni kupitisha watu tu, au na wenyeji wake nao waishi?

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo nililokusudia kuzungumza nawe juma hili.

Kilwa Masoko si mji mkubwa. Ni makao makuu ya Wilaya ya Kilwa, una soko, ofisi za serikali, nyumba za wageni na gati. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuumaliza kabla jua halijawa kali. Lakini ukisimama gatini na kutazama ng'ambo ya mkondo, kama kilomita mbili hivi, unaona kisiwa chenye ukuta mkubwa wa mawe ukitoka majini. Hicho ni Kilwa Kisiwani, na ukuta huo ni wa Gereza. Ukielekea kusini kwa mashua utafika Songo Mnara, kwenye mabaki ya mji mwingine wa mawe. Kaskazini kiko Songo Songo, kisiwa chenye gesi. Masoko ni mlango wa visiwa. Anayetaka kwenda huko hupata kibali na mashua hapa, na mkaazi wa kisiwani anayetaka unga, dawa au muhuri wa ofisi naye anavuka kuja hapa.

Na visiwa hivyo si visiwa hivi hivi tu. Kisiwani ndiko ulikokuwa mji uliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala, huko iliko Msumbiji ya leo. Msikiti wake mkuu ulianzishwa katika karne ya 11, ukapanuliwa katika karne zilizofuata hadi ukawa na safu za nguzo na kuba ambazo mgeni wa leo akiingia huvua kofia bila kuambiwa. Katika karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Yote hayo kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Fedha za shaba za masultani wa Kilwa zilitembea mbali mno: mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliziokota katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alifika Kilwa. Ameacha habari za sultani huyo huyo al-Hasan, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja, baada ya swala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Tena akamwongezea juu yake. Lakini sultani huyo alipofariki na ndugu yake Daudi kushika nafasi, omba omba walipofika waliambiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa.

Nakuomba ukishike kisa hicho, kwani tutakirudia.

Baada ya utajiri huo, wageni wa namna nyingine walibisha hodi. Wareno walifika mwaka 1500. Mwaka 1502 Vasco da Gama akadai kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kujenga ngome. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1512, wakaiacha. Walichokuwa wakikitaka, yaani dhahabu, kilikuwa kimekwisha kuhamishiwa njia nyingine. Mlango ukabaki wazi, na hapakuwa na mtu wa kupita.

Karne ya 18 mlango ukapata bidhaa mpya, na bidhaa hiyo ilikuwa binadamu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia bara, Kilwa Kivinje, ambako misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Ndugu yangu wa Nachingwea, ndugu yangu wa Ruangwa, usidhani kwamba habari za Kilwa ni za watu wa pwani peke yao. Walioteremshwa na misafara ile walitoka bara ya kusini. Waliobeba pembe na waliofungwa minyororo walikuwa mababu za watu wanaopanda basi pale Nanganga leo.

Kivinje nayo ikapata siku yake ya machozi chini ya Wajerumani. Hapo ndipo aliponyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuupinga utawala wao. Baadaye makao makuu ya wilaya yakahamia Masoko, na Kivinje ikabaki na majumba yake ya zamani yanayobomoka polepole, na wavuvi wake.

Hivyo ziko Kilwa tatu, na kila moja ilimpokonya mwenzake ufunguo. Kisiwani ilikuwa mlango wa dhahabu, Kivinje ikawa mlango wa pembe na watumwa, na leo Masoko ni mlango wa watalii, samaki na gesi. Swali la kutisha ni hili: zile mbili za kwanza zilikufa kwa sababu gani? Nami najibu: zilikufa kwa sababu ziliishi kwa mali iliyokuwa ikipita tu. Mali ilipobadili njia, hapakubaki kitu cha kula.

Sisi watu wa kusini tunao na mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, misitu ikang'olewa, reli ikatandikwa kutoka pwani, na bandari ya maji ya kina ikajengwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukatupwa. Karanga hazikuota kama zilivyoota kwenye karatasi za London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Lango lilijengwa kwa ajili ya kitu kimoja, tena kilichoamuliwa na watu wasiokaa hapo. Kitu hicho kilipokosekana, na lango likakosa maana kwa miaka mingi.

Sasa, ndugu msikilizaji, turudi gatini Masoko.

Nilivuka kwenda Kisiwani na mzee mmoja nahodha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukaanza mazungumzo ya kawaida ya upepo na samaki. Nikamuuliza kama wageni wanakuja. Akacheka. "Wanakuja, mwanangu. Siku nyingine inatia nanga meli kubwa ya watalii, wanateremka watu wengi kuliko harusi. Lakini chai wamekunywa melini, chakula cha mchana watakula melini, na kulala ni huko huko. Wanaacha nyayo mchangani, kesho maji yanazifuta."

Nikamwambia kwamba hata hivyo wanalipa ada ya kuingia kwenye magofu. Akaniambia ada anaisikia, lakini yeye anachokijua ni nauli ya mashua yake, na siku ya meli kubwa wanaotakiwa ni wenye boti za injini na maboya ya kujiokolea. Mwenye dau la tanga anabaki mtazamaji. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mwaka jana mjukuu wangu alishikwa na degedege usiku. Maji yamekupwa. Tulilisukuma dau matopeni, mimi na baba yake, mama amempakata mtoto. Usiku ule hakukuwa na mtalii wala afisa, tulikuwa sisi na tope." Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini mzee aliponisimulia alikuwa bado anaangalia yale matope.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akutazame.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakila ufukwe, kuta zikianguka, na mizizi ya miti ikipasua chokaa. Miaka kumi baadaye, yaani 2014, yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Jambo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Walikuwapo wafadhili na wataalamu, ndiyo. Lakini mikono iliyobeba mawe, iliyochanganya chokaa na kupanda mikoko ya kuzuia mawimbi, mingi ilikuwa mikono ya wanakijiji wenyewe. Mwenyeji akishirikishwa, ukuta unasimama. Ushahidi upo, unaonekana kwa macho.

Vilevile njia ya kufika huko si ile tena. Wazee wanakumbuka safari ya kusini ilivyokuwa ikimaliza siku kadhaa, mabasi yakilala matopeni Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata kipande kwa kipande. Hata hivyo Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipovunja madaraja katika Wilaya ya Kilwa, kusini nzima ilikatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa, na tukakumbushwa kwamba mlango wenye njia moja ni mlango dhaifu.

Gesi nayo iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba chini ya bahari na ardhini hadi Dar es Salaam. Wewe unayesoma au kusikiliza maneno haya chini ya taa, mjini, huenda mwanga huo umetoka jirani na nahodha wangu. Na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapo Kilwa Masoko, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260, uliokusudiwa kupokea meli za bahari kuu na kuwa na barafu na vyumba vya baridi.

Yote hayo ni neema. Lakini neema ya mlangoni ina desturi yake: hupita.

Hebu tutazame wenzetu wa mbali kidogo. Ng'ambo ya bahari hii hii, huko Indonesia, katika ncha ya magharibi ya kisiwa cha Flores, uko mji mdogo wa bandari uitwao Labuan Bajo. Usidhani Indonesia ni mbali nasi kiasi hicho. Wataalamu wa vyombo vya baharini wanasema kwamba ngalawa zetu, zenye mirengu na matengo pande mbili, asili yake ni huko, na Wamalagasi wa Madagaska wana lugha yenye asili ya huko huko. Basi Labuan Bajo ilikuwa kijiji cha wavuvi. Visiwa vya jirani, Komodo na Rinca, vina kenge wakubwa kuliko wote duniani. Hifadhi ikaanzishwa mwaka 1980, ikawa urithi wa dunia mwaka 1991, na kijiji cha wavuvi kikageuka mlango wa dunia nzima. Uwanja wa ndege ukapanuliwa, hoteli zikapanda vilimani, na Mei 2023 wakuu wa nchi za Kusini Mashariki ya Asia walifanyia mkutano wao hapo.

Lakini mwaka 2022 serikali yao ilitangaza kupandisha kiingilio cha Komodo hadi rupia milioni 3.75, mara nyingi zaidi ya ilivyokuwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda viumbe, na sababu hiyo si ya kudharau. Hata hivyo waongoza wageni, wenye mashua na wafanyakazi wa hoteli wa Labuan Bajo waligoma mwanzoni mwa Agosti mwaka huo. Walisema wageni watakimbia na wao ndio watakaolala njaa, ilhali uamuzi umefanywa mbali nao. Ada hiyo ikaahirishwa, na kabla ya mwaka kwisha ikafutwa.

Sikuleti kisa hiki ili watu wa Kilwa wagome. Nakileta kwa sababu kinaonyesha kwamba hata mlango uliotajirika unaweza kuwa na wenyeji wasioulizwa. Aidha kinaonyesha kwamba utunzaji wa mali ya kale au ya asili, na tumbo la mwenyeji, haviwezi kupangwa katika vyumba viwili tofauti.

Sasa mimi nasema nini? Nasema mambo matatu, na ni mepesi.

La kwanza, kivuko. Kabla ya kumfikiria mgeni wa siku moja, afikiriwe mkaazi wa kila siku. Chombo kimoja cha uhakika, chenye ratiba, nauli inayojulikana na nafasi ya mgonjwa usiku, na ngazi ya kupandia hata maji yakiwa yamekupwa. Mgeni naye atafaidika, kwani hakuna mtalii anayependa matope kuliko mjukuu wa nahodha.

La pili, ada. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi wa magofu hayo. Yafaa fungu la vijiji vya visiwani liandikwe ubaoni, gatini, kwa tarakimu, kila mwezi: wageni wangapi, fedha kiasi gani, kijiji kimepata nini. Fedha inayosomwa hadharani haina kelele. Pia vijana wa Masoko na Kisiwani wafunzwe historia na lugha, ili anayemweleza mgeni habari za Husuni Kubwa awe ni mtoto aliyezaliwa kivulini pake.

La tatu, samaki. Bandari ya meli kubwa isimsahau mwenye ngalawa. Barafu iuzwe hata kwa ndoo moja. Samaki wa mvuvi mdogo akifika Nanganga, Ruangwa na Nachingwea akiwa mzima, Kilwa itakuwa imepata soko lisilotegemea meli ya wageni wala bei ya gesi. Nao wa bara watashusha korosho, ufuta na karanga zao. Hiyo ndiyo biashara ya jirani na jirani, ambayo haihami upepo ukigeuka.

Na kwa nyongeza, walimu wangu wa Nachingwea na Ruangwa: wapelekeni watoto Kilwa. Ni mkoa wenu huo huo wa Lindi. Nilipokuwa msikitini mle, katikati ya zile nguzo, nilikuta wageni waliotoka ng'ambo ya dunia. Sikumkuta mwanafunzi hata mmoja kutoka bara ya mkoa ule ule.

Ndugu msikilizaji, nilikuomba ukishike kisa cha Sultani al-Hasan na ndugu yake. Kisa hicho kina pande mbili. Tunamsifu aliyetoa joho lake, na ni haki yake. Lakini alipokufa, utoaji wote ulikufa naye, kwa sababu ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Ukarimu wa mfalme, wa mfadhili au wa meli ya watalii ni joho moja, likichakaa, basi. Mji unahitaji cherehani yake wenyewe.

Wakati wa kurudi nilipita tena Nanganga. Basi halikukaa sana. Nilimtafuta yule mama kwa macho, nikamwona anakuja mbio na beseni lake, nami nikashusha kioo. Aliponitambua alicheka: "Umerudi, mwanangu! Huko Kilwa vipi?" Nikamwambia kule nako wanakula dirishani. Akanijazia kikombe, akapokea noti, na kabla dereva hajakanyaga mafuta akaniuliza: "Sasa mlango wataujenga lini, na sisi tukaingia?"

Basi likaondoka sijamjibu. Jibu nawaachia wenye ofisi, na sisi wenye kura.

Hadi juma lijalo, panapo majaaliwa, kwaherini.